Tusitoe kwa Kufumba Macho



Hapa Kyela, kutoka Matema hadi Itungi, wapo wazee wanaopapasa njia kwa sababu ya mtoto wa jicho, maradhi yanayoondolewa kwa upasuaji mfupi. Lakini hospitali ya rufaa iko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa kupitia Tukuyu. Na asiyeona hulipa nauli mbili, yake na ya anayemshika mkono.

Twafahamu kuwa miongoni mwetu yapo magari yasiyotumika tena, yanaliwa na kutu chini ya miembe. Mwenye nalo alitoe sadaka, liwasafirishe wazee hao, au liuzwe na fedha ziwe nauli yao. Lakini kwanza atengeneze breki na matairi, na akamilishe uhamisho wa kadi. Surat Al-Baqara yatukataza kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Je, tufumbe macho kwa kuwa mpokeaji haoni?

Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliposafiri alimwachia Abdullah bin Umm Maktum, aliyekuwa kipofu, aongoze sala Madina. Mtu wa heshima hiyo hapewi makombo.

Wabillahi tawfiq.