Trei Moja la Mayai
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi



Tumeombwa tuseme juu ya kuanza biashara ndogo na kuiendesha. Kwetu watu wa reli hili si jambo la mchezo. Mwaka 2006, reli ilipokabidhiwa kampuni ya binafsi, wenzetu kwa maelfu waliachishwa kazi. Tunaowajua waliofungua maduka kwa fedha za kuagia kazi, wengi wamekwisha yafunga. Hawakuwa wavivu. Walianza kujifunza siku ile ile mshahara ulipokatika, na karo ya masomo yao ilikuwa fedha yote waliyopewa.

Ndiyo maana twasema: jifunze sasa, ungali na mshahara, na ujifunze kwa kitu kidogo.

Tuseme nyumba moja huku landi yataka kuuza mayai ya kuchemsha karibu na stesheni. Trei lina mayai 30. Tuseme limenunuliwa Sh. 360. Nauli Sh. 50, makaa Sh. 40, nyanya, vitunguu na pilipili ya kachumbari Sh. 50. Jumla Sh. 500. Kila yai likiuzwa Sh. 20, mayai yote huleta Sh. 600, na faida ni Sh. 100.

Lakini matatu yamepasuka sufuriani. Mawili ameyala mwenye kuuza, maana naye ana njaa. Mawili yamekopwa. Yaliyolipiwa ni 23, yaani Sh. 460. Jioni mwenye kuuza husema, “Nimenunua kwa 360, nimepata 460, Mungu mkubwa, nimefaidi mia!” Kumbe amepoteza Sh. 40. Na wale wawili wakilipa kesho, atakuwa amefanya kazi siku nzima bure.

Ndugu zetu, karani wa tikiti haendi nyumbani mpaka fedha na tikiti zimepatana. Ajabu ni kwamba karani huyo huyo akifungua kibanda, fedha za kibanda huingia mfuko mmoja na nauli yake na sigara zake. Siku hizi mfuko huo ni simu: mteja hulipa kwa M-Pesa kwa namba ile ile inayopokea fedha za nyumbani, na usiku hakuna ajuaye ipi ni ipi. Kibanda kiwe na namba yake na daftari lake. Yai alilokula mwenyewe liandikwe. Tena mwenye kibanda ajikatie posho ya kila juma, asichote kila anapotaka.

Juu ya kukopesha, andika jina, kiasi, na siku ya kulipa. Sisi twajuana, lakini mwenzetu akipata uhamisho wa Voi au Kisumu, deni hupanda gari la moshi pamoja naye.

Leseni ni ya serikali ya kaunti. Uliza bei yake kabla ya kununua hata sufuria. Auzaye chakula hutakiwa pia apimwe na daktari apate cheti. Kodi ya mauzo huwahusu wale ambao mauzo yao yapita Sh. 1,000,000 kwa mwaka, yaani kama Sh. 2,740 kila siku. Mwuza mayai wetu hajafika huko. Lakini mwenye duka kubwa ajue kwamba Julai 2023 kodi hiyo ilipandishwa kutoka asilimia 1 mpaka 3, nayo hukatwa katika mauzo, si katika faida. Hata ukipata hasara hulipwa. Asiye na daftari atajuaje kama bei yake yaweza kuibeba?

Jumamosi baada ya mshahara, saa nane mchana, tutakaa hapa ukumbini na kufanya hesabu pamoja. Kila mtu aje na daftari na kalamu. Akina mama wanaouza tayari waje na hesabu ya juma moja, hata kama imeandikwa juu ya karatasi ya unga, nasi tutaanza na hizo.