Kilosa: Mji wa Mto na Reli
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeagizwa tuseme machache juu ya mji wa Kilosa na nchi yake hadi Mikumi, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Hatukusimama kuwafundisha wenyeji habari za kwao. Nia yetu ni kuonyesha jinsi mji huu ulivyowekwa na njia, jinsi njia ilivyowekwa na maji, na wajibu unaotupata sisi makarani kwa sababu hiyo.

Tuanze na nchi yenyewe. Magharibi ni milima ya Usagara na Ukaguru, kusini ni Uvidunda, na mashariki ni tambarare za Mkata. Mto Mkondoa huipasua milima, hutokea Kilosa, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kisha maji yake huingia Wami na kufika Bahari ya Hindi. Huko juu, katikati ya milima, liko ziwa dogo la Gombo. Basi mtu atokaye pwani kwenda Ugogo hukuta ukuta wa milima mbele yake, na mto umekwisha kumfungulia mlango. Kilosa imekaa mlangoni.

Ndiyo maana misafara ya pembe na wapagazi ilishika bonde hili. Stanley alilipita mwaka 1871, akaliona na ziwa la Gombo. Mwishoni mwa mwaka 1884 Karl Peters alifika Usagara na karatasi zake za mikataba. Na mwezi wa Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazitegemea karatasi hizo kutangaza himaya yake. Tuyaangalie hayo sisi watu wa kalamu: karatasi iliyotiwa alama na mtu asiyeweza kuisoma ilitosha kuiondoa nchi mikononi mwake.

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea kwa kufuata njia ile ile ya wapagazi kupitia Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza walipouteka mji Agosti 1916, waliufuata kwa ajili ya reli hiyo. Baadaye mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yakapeleka mazao yake kwa gari moshi, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Kilosa kwenda Kidatu kupitia Mikumi.

Mikumi nayo, iliyopewa jina la miti ya mikumi, ina bahati ya namna nyingine. Barabara kuu ya Iringa na Zambia hupita katikati yake, na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964 huleta wageni. Lakini Kilosa mjini, barabara kuu zote mbili zimeupita kando: ya Iringa hupita Mikumi, na ya Dodoma hupita Dumila na Gairo. Kwa hiyo miaka mingi reli ikiugua, Kilosa nayo huugua.

Iliugua sana mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010. Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini. Maelfu ya watu wakalala katika mahema, na reli ikang'olewa bondeni. Sababu zake hazikuwa mvua peke yake. Mlima ukilimwa hata ukingo wa mto, udongo hushuka, hujaza kitako cha mto, na maji yakikosa nafasi hutafuta nyumba zetu.

Sasa tusimulie jambo moja dogo. Baada ya mafuriko hayo mzee mmoja alikuja katika ofisi tuliyokuwamo, akauliza: "Wanangu, hapo mnaponipa kiwanja, maji yalifika wapi?" Tulifungua rejista. Tuliona namba ya kiwanja, ada na sahihi; habari ya maji hatukuiona. Tukamtazama, naye akatutazama. Hatukuwa na jibu, na aibu ile hatujaisahau.

Mwaka 2024 reli mpya ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ikipenya milima ya Kilosa kwa mahandaki. Stesheni mpya huvuta watu, na watu hutaka viwanja. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Basi tunawaomba, wenzetu: kila mwenye rejista ya ardhi aulize wazee, aandike kando ya kila kiwanja mahali maji yalipofika, na mwaka wake. Kazi hiyo yahitaji kalamu na subira tu, navyo twavyo.