Maji ya Kijani na Udhu Wetu

 

Ndugu zetu Waislamu wa Namanyere, kiangazi kinapoingia na visima kupungua, huulizwa: lambo limegeuka kijani, je, tutawadhe au tutayamamu? Wapo wanaopiga mchanga ilhali maji yako mbele yao. Jambo hili si dogo, kwani tayamamu isiyo na udhuru haisihi, na swala ni vivyo hivyo.

Kwanza tukijue kijani hicho. Aghalabu ni viumbe hai. Mojawapo ni euglena, kiumbe cha seli moja, ambacho mara nyingi urefu wake hauzidi sehemu moja ya ishirini ya milimita. Ndani yake mna klorofili, ileile inayoyapa majani ya mahindi ukijani wake, nacho hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kisha huogelea! Kina uzi mwembamba upigao maji kama mjeledi, na doa jekundu linalokisaidia kuujua upande wa mwanga. Wataalamu walivutana muda mrefu kama ni mmea au mnyama. Leo hawakihesabu katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Mwaka 1674 Mholanzi Leeuwenhoek alitazama kwa lenzi maji ya ziwa lililo karibu na Delft, akaona viumbe vidogo mno, vingine vya kijani, vikienda huku na huko. Subhanallah!

Mafakihi hawakuwa na lenzi hiyo, lakini hukumu walikwishaitoa. Ukijani uotao majini wameuita tuhlub. Ibn Qudama katika Al-Mughni na An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj wameeleza kuwa maji yaliyobadilishwa nao hubaki twahara na hutwaharisha, kwa kuwa ni vigumu kuyakinga. Basi tuwadhe.

Hata hivyo, tuulize kijani hicho kinalishwa na nini. Euglena hustawi sana penye samadi na taka zinazooza, hata wataalamu huihesabu kuwa dalili ya uchafu. Ziwa Tanganyika, kule Kipili na Kirando, ni angavu kwa sababu maji yake ya juu yana virutubisho vichache. Samadi ya ng'ombe wanachuoni wamekhitilafiana juu yake. Ama kinyesi cha binadamu ni najisi bila khilafu. Maji yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi, hayafai kwa udhu, na harufu ya choo si tuhlub. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Choo kilichochimbwa juu ya lambo kihamishwe kabla ya masika.

Kunywa ni suala jingine. Maji ya kijani watoto wa madrasa wasipewe hata yakichemshwa, kwani ziko aina nyingine za ukijani zenye sumu isiyoondoka kwa moto.