Uso Chini ya Mkono wa Msalaba
Jumapili ya 30 ya Mwaka C (Luka 18:9-14)



Injili ya leo yatupeleka hekaluni, kwa watu wawili waliokwenda kusali. Farisayo alijichora mbele ya Mungu kwa rangi za kupendeza: mfungo wake, zaka yake, kisha kando yake akamweka mtoza ushuru, awe kivuli cha kuizidishia picha hiyo mwanga. Mtoza ushuru hakuwa na rangi za kujipamba. Aliinama, akajipiga kifua. Ili tuuone vema mfano huu, twapenda kuwaelezeni habari za mtu aliyejichora kweli, kwa rangi za mafuta.

Mtu huyo ni Paul Gauguin, mchoraji Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1848. Utotoni alisoma katika seminari ndogo karibu na mji wa Orléans. Baadaye alifanya kazi katika soko la hisa, na mwaka 1873 akamwoa Mette Gad, mwanamke kutoka Denmark. Wakajaliwa watoto watano. Soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1882, aliamua kuishi kwa uchoraji. Riziki ikapungua nyumbani. Mwaka 1885 alirudi Ufaransa, akamwacha Copenhagen mkewe pamoja na watoto, isipokuwa mmoja.

Mwaka 1889 alikuwa Pont-Aven, katika nchi ya Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Karibu na hapo, katika kikanisa cha Trémalo, palikuwa na msalaba wa kale wenye sanamu ya Bwana iliyochongwa kwa mti. Kwa kuutazama msalaba huo alichora picha iitwayo Kristo wa Manjano. Kisha, kati ya mwaka 1890 na 1891, alijichora mwenyewe mbele ya picha hiyo. Turubai ni ndogo, sentimita 38 kwa 46, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris.

Tuitazame kwa macho ya moyo. Katikati upo uso wa mwanamume mwenye masharubu, macho yake makavu yakitukabili. Nyuma yake, upande mmoja, yupo Kristo wa Manjano, ambaye mkono wake umenyooka juu ya kichwa cha mchoraji kana kwamba wamkinga. Upande wa pili kipo chungu alichokifinyanga mwenyewe kwa umbo la kichwa chake, uso wake umepotoka na kutisha. Basi mtu huyu amesimama kati ya Mwokozi na sura yake mwenyewe iliyoharibika. Vyote viwili alivijua, akavichora kwa uhodari. Lakini amevipa kisogo vyote viwili.

Mwezi Aprili 1891 alipanda meli kwenda Tahiti, mbali zaidi na wanawe. Huko aliishi kinyumba na wasichana wadogo mno, mmoja wao akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Huo ulikuwa uovu, wala sifa za picha zake haziufuti. Alifariki mwaka 1903 katika visiwa vya Marquesas, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Atuona.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari kwetu. Tukisema, “Asante Mungu, sisi hatufanani na Gauguin,” tumekwisha kusimama mahali pa Farisayo. Je, baba anayesoma masomo altareni Jumapili, na huku wanawe wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo aliyoinywa, hana chungu nyuma yake? Je, sisi tunaohubiri na kufundisha katekisimu, hatujasimama mara nyingi chini ya msalaba tukiutazama umati, tukiwa tumempa Bwana kisogo?

Mtu aweza kuyajua makosa yake yote, hata akayasimulia kwa ufasaha, asitubu. Toba ni kugeuka. Mtoza ushuru alirudi nyumbani amehesabiwa haki kwa sababu alimgeukia Mungu na kuomba huruma. Jinsi Gauguin alivyomwelekea Mungu katika saa yake ya mwisho, Mungu pekee ajua, sisi tumwombee. Ila sisi tungali hai, na mkono ule ungali umenyooshwa juu yetu.

Basi jioni hii, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na achunguze dhamiri yake bila kutaja jina la jirani hata mmoja. Akikuta yupo mtu aliyemtelekeza, mke, mtoto au mzazi, aanze kesho kumrudia. Wiki hii na tukifikie kiti cha maungamo, tukiwa tumeinama kama yule mtoza ushuru.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.