Kupima Vitabu vya Habari za Kale, vya Dini na vya Mambo ya Ajabu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya vitabu vya chumba chetu cha kusomea, kwa kuwa fedha zilizopo zatosha vitabu vichache tu, na wanachama hawapatani. Wengine wataka habari za kale, wengine dini, na vijana wengi wataka vile vya mambo ya ajabu yasiyojulikana asili yake. Hatukuja kumzuia mtu asisome apendacho. Twauliza jambo moja tu: kitabu kinachodai kusema kweli, twakipimaje?

Kwanza tukiri kosa letu. Siku moja tulisimama mbele ya vijana wa shule, tukawaeleza kwamba magofu makuu ya Zimbabwe yalijengwa na wageni, watu wa Malkia wa Sheba. Hayo tuliyasoma katika kitabu kinene chenye jalada zuri na picha nyingi. Kijana mmoja akauliza, "Na wenyeji wa nchi ile walikuwa wapi, Bwana?" Hatukuwa na jibu. Aibu ile ndiyo iliyotutuma kutafuta maneno yale yalikotoka.

Yalitoka hapa. Katika mwaka 1871 Mdachi mmoja, Karl Mauch, alifika penye magofu. Alikata kibanzi cha boriti ya mlango, akakilinganisha na mti wa kalamu yake ya risasi, akaona vyafanana. Kalamu ni ya mwerezi, akasema. Mierezi hutoka Lebanoni. Basi boriti hii ililetwa na Wafoinike, na nyumba hii ni ya Malkia wa Sheba. Waungwana, sisi tushikao kalamu kila siku na tutafakari jambo hili! Watu wa nchi nzima walinyimwa kazi ya mikono yao kwa ushahidi wa kibanzi na kalamu.

Akafuata Theodore Bent, aliyechimba mwaka 1891 na kutoa kitabu mwaka 1892; naye pia akawataja wageni wa zamani kutoka upande wa Arabuni. Kisha Richard Hall, aliyewekwa mwaka 1902 kuyatunza magofu, akafukua udongo mwingi akautupa, akiuhesabu kuwa ni taka za wenyeji waliokuja nyuma. Kumbe udongo ule ndio uliokuwa shahidi. Ni kama karani achomaye jalada la barua, kisha akaketi kuandika ripoti ya yaliyokuwamo.

Sasa tazameni kazi ya namna nyingine. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905, akaona vyombo vya chini kabisa ni vya namna ile ile ya wenyeji. Gertrude Caton-Thompson alichimba mwaka 1929 mahali ambapo udongo haujaguswa, akathibitisha kwamba wajenzi ni Waafrika. Kitabu chake cha mwaka 1931 si chepesi kusoma, nasi tulisinzia mara kadhaa. Lakini kila kigae na kila ushanga aueleza ulionekana wapi, ili mwingine aweze kumkagua. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia haikupenda neno hilo lienee. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa mambo ya kale huko, aliondoka nchini mwaka 1970, akatoa kitabu chake mwaka 1973. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ilijiita kwa jina la magofu yale. Wale waliosema Mwafrika hakujenga kitu walitaka pia kusema kwamba nchi si yake.

Tena katika magofu hayo ilipatikana sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, Sultani wa Kilwa. Habari za Kilwa nazo zatufunza. Mreno João de Barros alizipiga chapa kwa ufupi mwaka 1552. Na iko nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Unguja mwaka 1877, ikatolewa chapa Uingereza mwaka 1895. Orodha za wafalme katika hati hizo mbili hazipatani. Basi twamtafuta shahidi wa tatu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan, na sarafu zataja jina lilo hilo. Hapo twasadiki. Juu ya waanzilishi wasemwao kuwa walitoka Shirazi twaenda polepole, kwa sababu hati ziliandikwa miaka mingi mno baada yao.

Juu ya dini twasema kwa heshima, kwani kupima imani si kazi ya chama hiki. Lakini kitabu cha dini kikitegemea hati, hati yaweza kukaguliwa. Zamani ilikuwako hati iliyosema kwamba Kaisari Konstantino alimpa Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla, aliyekuwa katibu wa Mfalme Alfonso (karani mwenzetu, twaweza kusema), alionyesha kwamba Kilatini chake si cha siku za Konstantino, na kwamba yamo majina ya vyeo ambayo Roma ya wakati ule haikuyatumia. Baadaye Valla alipata kazi katika afisi ya Papa mwenyewe, wala Ukristo haukuanguka.

Vitabu vya mambo ya ajabu havitatuchukua muda. Mwaka 1974 Charles Berlitz alitoa kitabu juu ya meli zipoteazo karibu na Bermuda, kikauzwa sana. Mwaka uliofuata Lawrence Kusche, mtunza vitabu wa chuo kikuu huko Arizona, alitoa chake. Alikuwa ametafuta magazeti ya siku zile zile na ripoti za hali ya hewa. Alikuta meli nyingine zilizama katika tufani ambayo wasimulizi hawakuitaja, na nyingine zilipotelea mbali kabisa na mahali pale. Hakutumia hila yoyote. Aliandika barua akangoja majibu.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri inunue kwanza kitabu cha Garlake, na cha Kusche kwa ajili ya vijana. Tena ndani ya kila kitabu ibandikwe karatasi, ili msomaji aandike ukurasa ambapo mwandishi amedai neno bila kumtaja shahidi. Kile kitabu chetu kinene cha picha tumekileta leo, kiko hapa mezani. Kisitupwe, kipate karatasi yake kama vingine, na ya kwanza tumekwisha kuijaza sisi wenyewe. Yule kijana wa shule naye tumemwandikia barua, kurasa mbili, tukamjibu wenyeji walikuwa wapi.