FIDIA NDOGO YA GARI LILILOEGESHWA: HAKI YA KUHOJI HESABU

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote



Baina ya Pemba na Tanga bahari haijapata kutenganisha watu. Wapo watumishi na wafanyabiashara wa kisiwani wenye jamaa Ngamiani, wenye maduka Tanga mjini, na wenye mashamba Muheza na Pangani. Baadhi yao huweka magari huko ili yawafae kila wanapovuka. Gari la namna hiyo hukaa limeegeshwa siku nyingi bila ya mwenyewe kuwapo. Likigongwa, mwenyewe hupata habari kwa simu. Na fidia ya bima ikija ndogo, aghalabu huipokea kwa kunung'unika, akiamini kwamba wenye bima wakishasema basi yamekwisha. Mazungumzo haya yanakusudia kuiondoa imani hiyo.

Imani yenyewe ina asili yake. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likabaki peke yake katika shughuli za bima Tanzania Bara. Zanzibar nayo ilianzisha Shirika lake la Bima mwaka 1969. Kwa karibu miaka thelathini mwenye gari asiyeridhika hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua njia kwa makampuni binafsi, na Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania pamoja na huduma ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Milango imeongezeka, mazoea ya kuondoka kimya hayajesha.

Na uchukuliwe mfano ufuatao, ambao haumhusu mtu wala kampuni maalumu, bali umetungwa ili hesabu ieleweke.

Mtumishi mmoja wa Chake Chake ameliacha gari lake mbele ya nyumba ya shemeji yake, katika mojawapo ya barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba. Gari lina bima kubwa. Alasiri moja lori lililokwisha kushusha matenga ya machungwa ya Muheza linarudi nyuma na kulibamiza ubavuni. Shemeji anaandika namba za lori, anapiga picha kabla gari halijasogezwa, na anamwita askari wa usalama barabarani. Gereji inakadiria matengenezo kuwa Sh. 3,600,000. Baada ya wiki kadhaa inakuja hati: kampuni iko tayari kulipa Sh. 1,600,000, na chini yake pana nafasi ya sahihi.

Ramadhani inakaribia, na nyumbani pana mahitaji. Mwenye gari ameshashika kalamu. Shemeji yake anamwambia, "Shemeji, usitie mkono kwanza. Waulize wamefikaje hapo."

Neno hilo moja lina thamani kubwa, kwa kuwa hati ya namna hiyo si stakabadhi ya kupokea fedha tu. Kwa kawaida humo ndani mwenye gari hukiri kwamba malipo hayo ni ya mwisho na kwamba hatadai tena kwa hasara ile. Kiasi kilichoandikwa si hukumu ya kadhi wala ya hakimu; ni pendekezo la upande mmoja wa mkataba. Anayetia sahihi huku akinung'unika amekubali sawasawa na anayetia sahihi akicheka.

Basi mwenye gari anaandika barua. Haandiki matusi wala vitisho. Anaomba mambo matatu: nakala ya ripoti ya mthamini wa hasara, mchanganuo wa hesabu, na kipengele cha mkataba kinachotegemewa kwa kila punguzo. Majibu yanaonyesha mapunguzo manne:

Kwanza, Sh. 450,000 za bampa zimeondolewa, kwa kuwa bampa lilikuwa limepasuka zamani. Pili, Sh. 450,000 nyingine zimeondolewa kwa hoja kwamba mlango utanyooshwa badala ya kununuliwa mpya, zimebaki Sh. 2,700,000. Tatu, gari limekatiwa bima ya Sh. 8,000,000 ilhali thamani yake imehesabiwa kuwa Sh. 12,000,000, kwa hiyo kampuni inalipa theluthi mbili tu za hasara, yaani Sh. 1,800,000. Nne, Sh. 200,000 ni sehemu ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe katika kila ajali. Ndipo zikabaki Sh. 1,600,000.

Sasa ugomvi umekuwa hesabu, na hesabu hupimwa tarakimu kwa tarakimu. Mwenye gari analipima kila punguzo peke yake.

La kwanza analikubali. Bampa lilipasuka mwaka uliotangulia, naye anajua. Bima hurejesha kilichopotea siku ya ajali. Haikuwekwa ili kumtajirisha mtu kwa ajali yake. Anayedai cha zamani pamoja na kipya huidhoofisha hata haki yake ya kweli. La nne pia analikubali, maana limo katika mkataba aliouridhia.

La pili halikubali. Analipeleka gari kwenye gereji nyingine, na fundi anafungua pambo la ndani. Nguzo ya mlango imepinda, wala mlango ukinyooshwa hautakaa sawa. Fundi anaandika maoni yake, anatia sahihi na tarehe, na picha zinaambatishwa.

La tatu ndilo zito. Kanuni yenyewe ni ya haki, ikiwa imo katika mkataba: aliyelipia ada ya sehemu ya thamani hulipwa sehemu ya hasara. Lakini thamani inayolinganishwa ni ile ya gari siku ya ajali. Kampuni imetumia bei ya kununulia, na gari lilinunuliwa miaka mitatu nyuma. Mwenye gari anakusanya bei tatu za magari ya aina na mwaka uleule yaliyouzwa Tanga karibu na tarehe ya ajali. Zote zinakaribia Sh. 9,000,000. Kwa hiyo uwiano si nane kwa kumi na mbili, bali nane kwa tisa.

Hesabu inaandikwa upya. Sh. 3,600,000 zikitolewa Sh. 450,000 za bampa, zinabaki Sh. 3,150,000. Nane ya tisa yake ni Sh. 2,800,000. Zikitolewa Sh. 200,000 za mwenye gari, stahili yake ni Sh. 2,600,000. Ni Sh. 1,000,000 zaidi ya pendekezo la awali, nazo zingalipotea kwa sahihi moja.

Hata hivyo limo na funzo chungu. Mwenye gari amepoteza Sh. 350,000 ambazo kampuni haidaiwi. Alipokata bima alitaja thamani ndogo kusudi ada ipungue, na siku ya ajali upungufu ule ukamrudia. Fedha hizo, pamoja na zile Sh. 200,000, anaweza kumdai mwenye lori ambaye dereva wake ndiye mwenye kosa. Ieleweke hapa kwamba sheria ya bima ya magari ya Tanzania Bara, Sura ya 169, hulazimisha bima kwa kifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali hutegemea maneno ya mkataba wa mwenye lori. Ndiyo maana namba za lori na taarifa ya polisi zina kazi hata kwa mwenye bima kubwa. Na madai ya namna hiyo hayangoji milele: kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inayotumika Tanzania Bara, shauri la madhara yatokanayo na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na shauri la mkataba ndani ya miaka sita.

Kampuni ikikubali hesabu mpya, jambo limekwisha kwa wema. Ikikataa, au ikinyamaza, mwenye gari huandika kwa uongozi wake mkuu na kuhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asipopata jibu la kuridhisha hupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo ina ofisi Bara na Zanzibar, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakama ni mlango wa mwisho. Katika kila mlango ataulizwa jambo lilelile: karatasi ziko wapi?

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani hii. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Sura ya 83 imeitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Mizani ina pande mbili: kampuni isipunje fidia, na mwenye gari asipunje thamani siku ya kukata bima wala asizidishe hasara siku ya kudai.

Kwa hiyo kila mwenye gari, liwe Pemba, Unguja au ng'ambo ya Tanga, anahimizwa kuufungua mkataba wake mapema na kutazama mambo manne: thamani iliyoandikwa, sehemu anayobeba mwenyewe, kipengele cha bima pungufu, na muda wa kutoa taarifa ya ajali. Nakala ya mkataba na picha za gari za karibuni ziwekwe kwa jamaa anayelitunza, pamoja na ufunguo. Shemeji aliye macho hufaa sana, lakini hufaa zaidi akiwa na karatasi mkononi.