Kupunguza Mapigo Hewa Katika Dramu za Hewani



Dramu za hewani hazina ngozi wala chuma. Mpigaji anashika mikwiro miwili, mbele yake hakuna kitu, na kamera au kihisi kilichofungwa kwenye mkwiro kinakisia amepiga lini na amepiga wapi, kisha kompyuta inatoa mlio. Dramu ya kawaida haikisii: mkwiro umeigusa ngozi au haujaigusa. Kwenye dramu za hewani husikika mapigo ambayo hakuna aliyeyapiga. Nitayaita mapigo hewa, kwa maana ile ile ya mfanyakazi hewa: kwenye orodha ya malipo yumo, kazini hayupo.

Nitaisema hoja yangu mapema ili mpate muda wa kuipinga. Watengenezaji wakisumbuliwa na mapigo hewa hukimbilia kupandisha kizingiti cha nguvu, yaani pigo lisilofikia kasi fulani lisihesabiwe. Kwa kufanya hivyo wanaua mapigo laini ya mpigaji hodari na kuyaacha hai mapigo hewa makali. Kinacholitofautisha pigo na mwendo mwingine wa mkono ni jinsi mkono ulivyopanda kabla ya kushuka. Huko kwenye kupanda ndiko tunakopaswa kuangalia.

Mapigo hewa yanatoka wapi

Ngozi ya dramu hutoa sauti, lakini pia huurudisha mkwiro juu. Hewa hairudishi chochote. Mpigaji analazimika kuusimamisha mkwiro kwa misuli yake mwenyewe, na mkono uliosimamishwa ghafla hutikisika: hupanda kidogo, hushuka kidogo. Kihisi kinauona mshuko wa pili na kutoa mlio wa pili. Hili ndilo pigo hewa linalojulikana zaidi. Wenye dramu za elektroniki wanamfahamu ndugu yake, pale pedi inapotetema na kutoa sauti mbili kwa pigo moja.

Aina nyingine hutokea njiani. Mkono unatoka kwenye haihati kwenda tomu ya chini na unapita juu ya snea. Kwa kuwa snea ni boksi tu lililochorwa angani, programu isiyo makini huhesabu kuingia ndani ya boksi kuwa ni kupiga. Dawa yake si ngumu: pima mwelekeo pamoja na kasi. Mkwiro unaokwenda zaidi kwa upande kuliko chini haupigi, unasafiri.

Aina ya tatu ni ya kamera, na ndiyo inayonivutia zaidi. Mpigaji anayetumia mkono wa kulia hupiga haihati kwa kuupitisha mkono huo juu ya wa kushoto. Kamera inaona nukta mbili zikikutana, zikifunikana, kisha zikiachana. Ipi ni ya mkono gani? Programu ikikosea, mkwiro wa kulia unaonekana umeruka kutoka juu hadi chini ndani ya fremu moja, kwa kasi ambayo hakuna binadamu anayeiweza. Kizingiti cha nguvu kinalipokea pigo hilo kwa mikono miwili, na mlio wake unakuwa mkali kuliko yote ya wimbo mzima. Ukikipandisha kizingiti hicho hadi mwisho, pigo hilo bado litapita. Tunachohitaji ni dari: kasi iliyozidi uwezo wa mkono ikataliwe. Na nukta iliyopotea kisha ikaibuka upya ionekane kwanza katika fremu kadhaa ndipo iruhusiwe kutoa sauti.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa programu hulisahau kwa sababu si la programu. Umeme wetu hapa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kwa ajili ya umeme wa hezi 60, kama wa Marekani, huona mwanga ukipanda na kushuka. Ukubwa wa nukta inayofuatwa unabadilika, kitovu chake kinarukaruka, na mkwiro uliotulia unaonekana unatetemeka. Chumba kikiwa na giza mambo huharibika zaidi: kamera nyingi za kompyuta ndogo hujirekebisha zenyewe kwa kuongeza muda wa kila picha, idadi ya fremu inashuka, na mkwiro unaokwenda kasi unageuka kuwa ukungu. Kabla ya kugusa hata mstari mmoja wa programu, weka mpangilio wa hezi 50, zima marekebisho ya mwanga ya kiotomatiki, na washa taa nyingine mbele ya mpigaji.

Somo la Radio Baton

Tatizo la mapigo hewa si geni. Katika miaka ya 1980 Max Mathews, mhandisi wa Bell Labs ambaye mwaka 1957 aliandika programu ya mwanzo kabisa katika ukoo wa programu za muziki za kompyuta uitwao MUSIC, alitengeneza pamoja na Bob Boie chombo kilichoitwa Radio Baton. Mikwiro yake miwili ilirusha mawimbi ya redio, kila mmoja kwa masafa yake, na bamba lenye antena lililowekwa chini lilisoma mahali ulipo kila mkwiro. Mikono kupishana hakukuwa na madhara, kwa sababu kila mkwiro ulikuwa na masafa yake.

Mathews alitumia tabaka mbili angani. Mkwiro ukivuka tabaka la chini, mlio unatoka. Baada ya hapo hautatoa mlio tena, hata uvuke tabaka hilo mara ngapi, mpaka uwe umepanda na kulipita tabaka la juu. Yaani mkono hauruhusiwi kupiga mpaka uwe umejiandaa. Mtikisiko mdogo wa kusimama haufiki tabaka la juu, kwa hiyo unanyamaza wenyewe, na hatujaligusa hata pigo moja laini. Nimeona mifumo mipya ya gharama kubwa isiyo na kanuni hii, nami siwezi kueleza kwa nini.

Swali linalobaki ni umbali kati ya tabaka hizo mbili. Zikikaribiana mno, mtikisiko unarudi. Zikiachana mno, mpigaji anayetaka kubiringisha mapigo ya haraka kwa mikwiro iliyo karibu na tabaka la chini atanyimwa sauti. Utafiti wa Sofia Dahl wa Sweden juu ya wapiga dramu unatusaidia: mpigaji huinua mkwiro juu zaidi kabla ya pigo la mkazo. Urefu wa kupanda unatangaza nguvu ya pigo linalokuja. Basi umbali wa tabaka usiwe namba moja ya kudumu. Baada ya pigo kali, ambalo mtikisiko wake ni mkubwa, tabaka la juu lipande. Baada ya pigo laini lishuke.

Kanuni hii ina adui mmoja, naye ni fremu chache. Kamera ya Kinect iliyotoka mwaka 2010 huona fremu 30 kwa sekunde. Ncha ya mkwiro inayokwenda mita 5 kwa sekunde husogea takriban sentimita 17 kati ya fremu moja na inayofuata, hivyo inaweza kuzivuka tabaka zote mbili bila kuonekana katikati. Kamera ya PlayStation Eye ya mwaka 2007, kwa picha ndogo, hufikia fremu 120, na umbali huo unashuka hadi sentimita 4 hivi. Ndiyo maana waliotengeneza Aerodrums, dramu za hewani zinazotumia kamera, waliichagua kamera hiyo ya michezo, wakaweka taa karibu nayo na vitufe vinavyoakisi mwanga kwenye ncha za mikwiro.

Lini hasa ni pigo

Ukitumia tabaka, wakati wa pigo ni wakati wa kuvuka. Wengine hutumia pale mkono unapogeuka kutoka kushuka kwenda kupanda. Mwaka 2014, katika NIME, mkutano wa ala mpya za muziki, Luke Dahl aliwasilisha utafiti uliowapima watu wakipiga hewani kwa kufuata midundo waliyoisikia. Mgeuko huo ulitokea, kwa wastani, baada ya sauti, na ukahama kadiri mwendo wa muziki ulivyobadilika. Vilele vya mchapuko, yaani pale kasi inapobadilika kwa ghafla zaidi, vilitokea kabla ya sauti na havikuhama na mwendo. Kwa hiyo tabaka ziamue kama mkono una ruhusa ya kupiga, na mchapuko uamue ni saa ngapi. Ila mchapuko ukipimwa kwa kamera hukuza kila mtetemeko mdogo wa picha, na lazima uchujwe. Kichujio cha 1€ kilichochapishwa na Casiez, Roussel na Vogel mwaka 2012 kinafaa sana hapa: mkono ukienda polepole kinachuja kwa nguvu, ukienda kasi kinalegea ili kisicheleweshe.

Baada ya kila pigo ni desturi kuweka muda wa kufumba, ambapo mfumo hausikii kitu. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, noti za kumi na sita zinaachana kwa milisekunde 125, kwa hiyo kufumba kwa milisekunde 50 au 60 hakumdhuru mtu. Lakini mfumo ufumbe kwa mkono, usifumbe kwa ngoma. Mikono miwili inapotua kwenye snea ikipishana kidogo sana, kama wapigaji wanavyopenda kulipamba pigo, kufumba kwa ngoma kutalimeza pigo la pili, na mpigaji atadhani mkono wake una kasoro.

Tahadhari nyingine ni ucheleweshaji. Kila kichujio na kila fremu ya kusubiri hulipiwa kwa muda. Mpigaji anayesikia mlio umechelewa huanza kuwahi, kisha kupiga kwa nguvu zaidi akidhani hakusikika, na nguvu hiyo inazaa mitikisiko mipya. Spika au vipokea sauti vya Bluetooth vinaweza kuongeza zaidi ya milisekunde 100. Tumieni waya.

Mikono inayocheza

Wapiga ngoma wa Burundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2014, huinua mikwiro juu ya kichwa na kuizungusha hewani kama sehemu ya mchezo. Mikwiro inapanda sana, inashuka kwa kasi, na hakuna pigo. Kanuni ya kujiandaa inashindwa hapo, kwa kuwa mkono umejiandaa kwelikweli. Pendekezo langu ni tabaka la tatu, juu ya mabega: mkwiro ukilipita unapoteza ruhusa ya kulia, na unarudishiwa ruhusa hiyo pale tu utakapotulia kwa muda mfupi katika nafasi ya kuanzia. Wapo watakaotaka kompyuta ijifunze yenyewe kutofautisha mchezo na pigo. Sipingi, lakini inahitaji kuuona mwendo wenyewe kabla ya kuamua, na kuona ni muda.

Mfumo ukilazimika kukosea, kosa lipi bora? Kwenye snea na simbali, mimi nachagua pigo lililokosekana kuliko pigo hewa. Lililokosekana msikilizaji huweza kulijaza kwa sikio lake, lakini hawezi kuacha kulisikia lililozidi. Kwenye kiki ni kinyume, maana kiki ikikosekana wacheza dansi wanapotea. Kwa hiyo mguu usiachiwe hewa. Pedali ya kawaida yenye swichi itamaliza mjadala wote wa mguu.

Kupima ni rahisi, na watu hawapimi. Mpe mpigaji mikwiro, mwambie asipige. Azungumze, ajikune kichwa, afute jasho, akabidhi mkwiro mkono mwingine, anywe maji. Kila mlio utakaosikika katika dakika hizo ni pigo hewa, halina utetezi. Kisha apige kwa kufuata metronomu, laini kwanza na kali baadaye, na muhesabu yaliyokosekana. Andikeni namba hizo mbili kando kando kila mnapobadilisha mpangilio mmoja, na msibadilishe miwili kwa pamoja. Kamera na mikwiro ipo meza ya nyuma kwa kipindi cha mchana. Naomba wapigaji wa mkono wa kushoto waanze, kwa sababu mifumo mingi hujaribiwa bila wao.